Mchezo wa wahusika visiwani Amu: madadu ya ludo, safari za bahari na mapigano yasiyokwisha

Mkaa Dakani

Asalaam alaykum waungwana. Naandaa masimulizi marefu ya mchezo wa wahusika (kila mchezaji huwa mhusika wa hadithi, mimi nasimulia, na dadu huamua), yatakayokaa hapa hapa kwetu: Amu (Lamu), Manda, Pate mpaka Kiwayu, zama za mitepe, vile vyombo vya kale vya tanga. Wachezaji watano, twakaa dakani baada ya Isha, kikao huchukua saa mbili na nusu. Kanuni ni za Dungeons & Dragons toleo la tano, zile za msingi zilizowekewa leseni huria Januari 2023, kwa hivyo hakuna wa kununua kitabu.

Kuna mambo matatu. Dadu la pande 20 linalotakiwa na kanuni hizo hakuna, yapo ya ludo tu na karata. Safari za baharini zinakuwa kupiga dadu kila saa bila jambo kutokea. Na pambano moja na maharamia wanane linakula kikao kizima. Wenye uzoefu, nifanyeje?

Fundi Karata

Wa alaykum salaam. Naanza na dadu, hilo ndilo jepesi.

Usihangaike kugeuza madadu ya ludo yawe pande 20. Hesabu yake ipo: dadu la kwanza likupe 1 hadi 5 (ikija 6 rudia), la pili likupe 1 hadi 4 (ikija 5 au 6 rudia), kisha la pili toa 1, zidisha kwa 5, jumlisha la kwanza. Lakini kati ya mitupo 36 ni 20 tu inayofaa. Karibu nusu unarudia, na watu wanachoka.

Chukua karata. Toa zote zenye picha. Kopa, kuanzia ree hadi 10, ni 1 hadi 10; shupaza ree hadi 10 ni 11 hadi 20. Hilo ndilo dadu lako, na kila namba ina nafasi yake ya asilimia 5. Uru na pau hutengeneza la pili, kwa hivyo pakiti moja inatosha kuwa na seti mbili mezani.

Kosa linalojitokeza: karata zikivutwa bila kurudishwa, mchezaji mwerevu anahesabu. Akijua 20 haijatoka na zimebaki karata tatu, anasubiri. Ukirudisha na kuchanganya kila mara, mchezo unalala. Dawa ni kuongeza jokeri moja. Vuteni bila kurudisha. Jokeri ikitokea, changanya zote 21 upya na uvute tena. Hakuna ajuaye itatokea lini, na kuchanganya kunapungua sana.

Madadu ya ludo yabaki kwa madhara ya silaha. Yapime kwanza: maji ya vuguvugu kwenye glasi, koroga chumvi kidogo kidogo mpaka dadu lielee, kisha ligonge kwa kidole mara kumi na tano hivi. Likirudi kuonyesha upande ule ule, halikusawazishwa, mpe mtoto. Mengi ya bei nafuu yamechimbwa matundu, na upande wenye matundu sita ni mwepesi, kwa hivyo hupenda kukaa juu. Kete za pwani ni nzuri kwa macho ila msizitumie kama dadu: mgongo na tumbo la kete havilali sawa.

Tupeni ndani ya sinia lililotandikwa leso. Bila leso mtaa mzima utaamka.

Mwana wa Matondoni

Safari ndiyo sehemu inayonigusa, kwa sababu tuna kitu ambacho ramani nyingi za michezo hii hazina: maji kujaa na kupwa. Acha kabisa kupiga dadu kila saa. Bahari yenyewe ina saa yake.

Chora kisanduku cha saa 12: sita za kujaa, sita za kupwa. Maji hayapandi kwa kasi moja. Gawa tofauti ya kina mafungu 12: saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) yenye tofauti ya mita 3 ina maana sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25. Saa ya tatu na ya nne ndizo za mkondo mkali, hapo ndipo mwenye kupiga makasia dhidi ya maji ahangaike.

Sasa weka fungu la mchanga kwenye mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara. Kwa mchezo (namba hizi si za baharia) sema maji ya bamvua yakipwa kabisa, fungu liko nusu mita juu ya maji. Hesabu inakuja hivi: baada ya saa tatu za kujaa kuna kina cha mita 1, baada ya nne 1.75, baada ya tano 2.25, kilele ni 2.5. Chombo kitupu kinachohitaji mita 1 kina saa sita za kupita. Kilichopakia kinachohitaji mita 2 kina kama saa tatu tu, kuanzia katikati ya saa ya tano. Ikiwa ni maji mafu (kinyume cha bamvua) yenye tofauti ya mita 1, kilele juu ya fungu hilo ni mita 1.5: chombo chenye shehena hakipiti hata kidogo. Ama wapakue boriti, ama wangoje wiki moja bamvua irudi, ama wazunguke kwa nje baharini. Umeona? Hakuna dadu hata moja, na wachezaji watano wanabishana.

Kila siku sogeza maji mbele kwa dakika 50. Bamvua iwe siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, basi kalenda ya Kiislamu ukutani ndiyo jedwali lako.

Upepo uandike mara moja tu kwa msimu: kaskazi au kusi, na maleleji katikati. Tanga la mtepe ni la jamvi na la mraba, haliendi vizuri kuukabili upepo, kwa hivyo msimu ndio unaoamua upande wa safari. Na kwa kuwa mtepe umeshonwa kwa kamba, unavuja: mtu mmoja kila zamu afue maji, yaani ayatoe chomboni. Asipofua, piga dadu kila zamu kuona kama shehena imelowa.

Bi Siyu

Ahsante Mwana wa Matondoni kwa jedwali, nalichukua. Ila hilo dadu la kufua maji sikubaliani nalo. Asiyefua, shehena ilowe moja kwa moja. Dadu lipigwe pale tu ambapo kushinda na kushindwa kote kuna jambo jipya la kusimulia. Vinginevyo umerudisha kwa mlango wa uani kile kile alicholalamikia muulizaji.

Kuhusu pambano, kaka Mkaa Dakani, hesabu zamu. Watano na wanane ni 13, mizunguko minne ni zamu 52. Hata kila mmoja akitumia dakika moja, saa nzima karibu imekwisha, na wachezaji wenye mhusika mpiga uchawi hawatumii dakika moja.

Wafunge maharamia makundi mawili ya wanne wanne, kila kundi lina zamu moja. Usipige karata moja kwa kundi zima: wote wakipata shabaha kwa pamoja, madhara ya 5 mara nne ni 20, na mhusika wa ngazi ya kwanza mwenye pointi 10 za uhai ameanguka kabla hajasema neno. Badala yake angalia namba wanayohitaji ili kupata shabaha. Wakihitaji 11 kwenda juu, ni nusu: wawili wamepata. Wakihitaji 16 kwenda juu, mmoja amepata. Madhara yawe wastani ulioandikwa. Dadu la pande sita na nyongeza ya 2, andika 5 uendelee.

Halafu wape ujasiri. Toleo la msingi la mchezo huu la 1981 lilikuwa na kanuni nzuri iliyoachwa: kila adui ana namba kati ya 2 na 12. Anapoanguka wa kwanza, na tena nusu yao wanapoanguka, tupa madadu mawili ya ludo. Jumla ikipita namba ile, wanakimbia. Ujasiri wa 7 unavunjika mara 15 kati ya 36. Maharamia ni watu wa biashara, 7 inawatosha. Walinzi wa ngome wape 9.

Mkaa Dakani

Mmenifungua macho. Swali moja: wachezaji wakishalijua jedwali la maji si watakuwa wanangoja kilele kila safari?

Mwana wa Matondoni

Waonyeshe jedwali waziwazi, usiwafiche. Nahodha wa Amu hawezi kukosa kujua maji. Kisha chora kisanduku cha pili cha mafungu sita kando yake: wanaowafuata. Kila saa mbili za kungoja, jaza fungu moja. Likijaa, adui yuko mlangoni.

Na kumbuka fungu la mchanga halichagui chombo. Katika vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, jeshi la Mombasa na Pate lilipokimbilia vyombo vyake lilikuta vimepwelewa. Wape wachezaji nafasi hiyo hiyo: wakiwavuta maharamia juu ya fungu mwisho wa saa ya pili ya kupwa na kuwachelewesha huko kwa saa mbili, kina kinashuka kutoka 1.75 hadi 0.25. Chombo cha adui kimekaa mchangani, na saa hiyo namba ya ujasiri wao ipunguze kwa 2.