Naomba ushauri: trekta la mtumba kwa shamba dogo la miti

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina ekari 12 maeneo ya Mafinga, nyingi ni mipaini, milingoti (mikaratusi) kidogo, na pembeni nalima mahindi. Pana mteremko, na mvua zikianza udongo unateleza vibaya. Kazi kubwa ni kuvuta magogo ya miti ninayopunguza hadi barabarani na kubeba kuni kwa tela.

Nimekagua mawili. Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya silinda tatu: spea zinapatikana na mafundi wengi wanalijua, ila linasukumwa na matairi ya nyuma tu. Nililiwasha likiwa baridi, likawaka vizuri, lakini jembe likinyanyuliwa linashuka lenyewe polepole. Muuzaji anasema ni sili tu, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje (wauzaji bwana!). La pili ni Kubota dogo la HP 30 hivi, matairi yote manne yanavuta, na linapenya kati ya mistari ya miti. Fundi wangu analiogopa kwa ajili ya spea.

Kwa mteremko huo, Massey likifungwa vyuma vya uzito mbele litatosha, au nisijidanganye nichukue Kubota? Na hiyo haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaonyanyua jembe, niipimeje kabla sijatoa hela?