Mafunzo ya kuzuia kuanguka kwa maforemani wa saiti: niweke nini?

Mjenzi_Dom
Wakuu, naandaa mafunzo ya siku moja kwa maforemani sita hapa Dodoma. Jengo ni la ghorofa nne, slabu ya kwanza tayari, majukwaa ya kusimamia mafundi ni ya mirunda (nguzo za miti). Asubuhi nzima nimepanga wafundishwe kuvaa mkanda wa usalama, ule wa mwili mzima wenye kamba ya mita 2. Mchana niweke nini?

Mrunda_Kona
Geuza ratiba, mkuu. Mkanda uje mwisho. Watoe darasani wakakague jukwaa kwa mikono yao. Mrunda wauchokonoe kwa msumari pale unapoingia ardhini, maana ndipo unapoanza kuoza huku juu ukionekana mzima. Ncha ya ubao ipite mhimili unaoubeba angalau sentimita 15, ila isizidi 30. Ikiwa ndefu, ukiikanyaga ubao unabinuka. Reli ya juu ya kuzuia mtu asianguke iwe kama mita 1, ya kati nusu yake. Jukwaa lifungwe kwenye nguzo za jengo, si kwenye fomu (mbao za kushikilia zege bichi). Siku fomu ikivuliwa, jukwaa linabaki halijashikwa na kitu.

Halafu mzigo! Tofali la inchi 6 lisilo na tundu ni karibu kilo 30. Msaidizi wa fundi akipanga 20 mahali pamoja ili asipande tena, hizo ni kilo 600 juu ya mbao mbili.

HesabuKwanza
Kwenye mkanda wafundishe hesabu, kuvaa watajifunza kwa dakika kumi. Kamba mita 2, kile kipande kilichoshonwa cha kupunguza mshtuko kikifumuka kinaweza kuongeza 1.75, toka mgongoni hadi nyayo 1.5, akiba mita 1. Jumla 6.25 chini ya pale ndoano ilipofungwa. Slabu yako ya kwanza nadhani iko kama mita 3 kutoka chini. Aliyefunga ndoano usawa wa miguu anagonga ardhi kabla kamba haijamaliza kazi. Hapo tegemea reli, au kamba fupi isiyomfikisha ukingoni kabisa. Na asijifunge kwenye mrunda wa jukwaa lenyewe.

Waulize pia: mtu akining'inia, nani anamshusha, kwa ngazi ipi? Damu inatuama miguuni, si jambo la kungoja gari kutoka mjini.

(Hifadhi orodha yenye sahihi za waliohudhuria, mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, anaweza kuiulizia.)

Mjenzi_Dom
Shukrani. Matundu ya mabomba kwenye slabu tumeyafunika kwa plaiwudi. Inatosha?

Mrunda_Kona
Kama haijapigiliwa, huo ni mtego. Kibarua anaona plaiwudi nzuri imelala, anaiinua kwa mikono miwili, inamziba asione chini, anapiga hatua moja mbele na kutumbukia. Gongea vipande vya mbao upande wa chini vibane ndani ya tundu, pigilia misumari ya zege pembeni, andika TUNDU kwa rangi nyekundu. Tundu la ngazi lizungushie reli. Fundi bomba akitaka kufungua, foremani asimame hapo mpaka lifunikwe tena.