Tupeane uzoefu: Kazi kwenye kampuni kubwa ya teknolojia, tamu na chungu yake

Wakuu, habari zenu. Nilikaa miaka sita kwenye kampuni moja kubwa sana ya teknolojia, mwaka jana nikatoka. Vijana wananiuliza kila mara kama wajiunge, nami naona si haki wasikie la mtu mmoja. Mliopita huko na mlioko bado, semeni mliyoyaona.

Naanza mimi. Kilichonifaa ni shule. Wiki ya pili niliandika mistari 40 ya programu nikajua nimemaliza. Dada mkongwe aliyepewa kuikagua aliirudisha na maoni 31. Hakunikaripia. Alinieleza moja moja: hapa seva ikizimika katikati, mteja atakatwa pesa mara mbili, jina hili halimwambii kitu atakayesoma baada yako. Iliniuma sana, lakini mpaka leo nikiandika namsikia. Kwenye kampuni changa nilikotoka hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisomea hivyo.

Kilichonitoa ni udogo wa kazi yenyewe. Miaka miwili ya mwisho nilishika ukurasa mmoja tu wa mipangilio. Kubadili neno moja kwenye kitufe kulipita timu nne, wanasheria wakiwemo. Wiki saba! Nilikuwa nalipwa vizuri huku mikono inapoa.

Mlinzi wa Seva: Umenena, mkuu. Mimi niseme zamu ya dharura. Mfumo ukianguka, simu inalia saa tisa usiku, una dakika tano za kuitikia, kompyuta unalala nayo ubavuni. Mke wangu alihamia chumba kingine wiki za zamu. Ila kuna jambo nalisifu kwa moyo wote: kesho yake tukikaa kuandika ripoti hatumtafuti mchawi. Tunauliza mfumo uliachaje kosa la mtu mmoja liangushe kila kitu. Nimefanya kazi sehemu tatu, ustaarabu huo niliukuta hapo tu.

Hesabu Kwanza: Vijana, hisa mlizoandikiwa kwenye ofa msizihesabu kama pesa taslimu. Kwa kawaida unapewa kidogo kidogo ndani ya miaka 4, na kampuni nyingi hazikupi hata moja kabla hujatimiza mwaka. Mimi nilipunguzwa mwezi wa kumi na moja, nikatoka bila hisa hata moja. Na bei nayo hupanda na kushuka: mwaka 2022 hisa za Meta, wenye Facebook, zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Mkopo wa nyumba uchukue kwa kuangalia mshahara peke yake.

Mama Pacha: Nilipojifungua nililipwa mshahara kamili miezi yote ya likizo, na bima ilibeba wanangu wiki tano walizolala kwenye mashine ya joto. Kwa hilo sitaisema vibaya kamwe.

Kadi Nyekundu: Nafurahi kwa ajili yako, dada. Mimi nilijua nimeachishwa pale kadi ilipokataa kufungua mlango. Barua pepe ilikuwa imeingia alfajiri, sikuwa nimeisoma. Watu wanadhani ukubwa ni usalama. Novemba 2022 Meta walitangaza kupunguza zaidi ya watu 11,000, Januari 2023 Google wakatangaza takriban 12,000. Bosi wangu wa karibu naye hakuwa na habari, alinipigia akilia.

Mgeni Njiani: Wakuu, nina usaili wa mwisho wiki ijayo. Nao wakinipa nafasi ya kuuliza, niulize nini?

Mlinzi wa Seva: Uliza nani atakagua kazi yako, na yupo hapo tangu lini. Uliza wangapi mnapokezana zamu, na mwezi uliopita simu ililia usiku mara ngapi. Tulipokuwa wanne zamu ilinirudia kila mwezi. Tulipofika wanane, mke wangu alirudi chumbani.