Glen Rose, Fredericksburg au Concan? Siku tatu na mama mzee na watoto wawili

mama_Nasra (Fort Worth)

Habarini za humu. Naomba mawazo yenu kabla sijalipia kitu nikaja kujuta.

Mama yangu yuko hapa tangu Juni, ametoka Lindi, tiketi yake ya kurudi ni katikati ya Septemba. Muda wote huo Texas ameiona kupitia dirisha la ghorofa ya pili na kwenye foleni za maduka. Juzi kaniuliza kama nchi hii ina mashamba au ni barabara tu. Nikaona aibu. Baba watoto amepata ruhusa wikiendi ya Labor Day, ile sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, Jumamosi mpaka Jumatatu, tunataka mji mdogo wenye mto au mlima. Tuko watano, gari moja. Mama ana miaka 71 na goti lake la kulia haligombani na mtu ila ngazi. Nasra ana 10, mdogo wake ana 6 na hajui kuogelea.

Nimechuja imebaki mitatu. Glen Rose, saa moja na ushee kutoka kwetu, nasikia kuna nyayo za dinosaria mtoni na mbuga ya wanyama unayoizunguka na gari. Fredericksburg, kama saa nne, kuna lile jabali la Enchanted Rock. Concan, saa tano na nusu, Mto Frio na Garner State Park. Mlikokwenda, semeni ukweli, mabaya pia.

jirani_Arlington

Fredericksburg bila kufikiria. Sisi tulienda Mei na watoi watatu. Mji wenyewe uliundwa na Wajerumani mwaka 1846, na bado ukipita Main Street unaona majina ya Kijerumani kila duka. Enchanted Rock ni jabali moja la graniti lenye rangi ya waridi, linapanda futi 425 kutoka chini, na ukifika juu unaona vilima hadi macho yachoke. Mzee wangu alipenda zaidi jumba la makumbusho la vita vya Pasifiki. Liko hapo kwa sababu Admirali Nimitz, aliyeongoza meli za kivita za Marekani kwenye vita hivyo, alizaliwa mji huo. Alikaa humo saa tatu, tukamwita kwa simu atoke.

Lakini niseme ukweli kama ulivyoomba: mapichi tuliyokula barabarani yanaanza katikati ya Mei, yanaisha mwanzoni mwa Agosti. Wewe Septemba utayakosa. Na malazi ya wikiendi ni bei ya harusi.

baba_wawili_SA

Jirani, umesoma habari ya goti? Enchanted Rock ni mteremko wa jiwe tupu, hakuna kivuli, na joto la Texas mwanzoni mwa Septemba bado halijaondoka. Mama wa miaka 71 utamweka wapi? Tena pale nafasi zikijaa geti linafungwa, unarudishwa na gari lako.

Mimi ni mtu wa Concan. Niko San Antonio, kwetu ni karibu. Frio kwa Kispanyola ni baridi na jina halidanganyi. Unaingia mguu mmoja, unapiga ukelele, dakika mbili baadaye hutaki kutoka. Maji meupe unaona kokoto, kandokando kuna misipresi mikubwa, watoto wanaelea juu ya maboya ya tairi. Garner ilifunguliwa 1941, ina vyumba vya mawe vya kulala, na ina ukumbi wa wazi ambako usiku wa majira ya joto watu wanacheza dansi kwa muziki wa jukiboksi. Ni mambo ya miaka ya arobaini mpaka leo.

Mabaya: nafasi za kulala zinafunguliwa miezi mitano kabla. Dada, kwa Labor Day umechelewa mno. Utapata nyumba za kupanga za watu binafsi nje ya hifadhi. Sisi mwaka mmoja tulipanga moja iliyoandikwa "mtoni", tukakuta mto uko ng'ambo ya lami, na mtelemko wa kushukia ulikuwa wa mbuzi.

mama_Nasra

Asante baba wawili. Saa tano na nusu nimeshamuuliza mama, kanijibu kwamba hiyo ni Lindi kwenda Dar, na kule angalau angemkuta dada yake.

Kuna jambo jingine linanikosesha usingizi. Mafuriko ya mwaka 2025. Nyie wa huko mnalionaje?

baba_wawili_SA

Una haki. Ile ilikuwa Mto Guadalupe, kaunti ya Kerr, alfajiri ya tarehe 4 Julai 2025. Maji yalipanda zaidi ya futi ishirini kwa chini ya saa moja, na watu zaidi ya mia moja walikufa, wengi usingizini au wakikimbia gizani. Frio ni mto mwingine lakini vilima ni vilevile: udongo mwembamba juu ya mwamba, mvua haina pa kuzama, yote inateremka mtoni kwa pamoja. Siogopi mchana. Ninachokataa siku hizi ni kulala usawa wa maji. Nalala juu, simu nimeiacha na sauti ya tahadhari, na mawingu yakijikusanya upande wa juu wa mto tunatoka hata kama kwetu jua linawaka.

mPaluxy

Nimekwenda Glen Rose mara tatu, kwa hiyo niacheni niseme kirefu.

Mji una watu kama elfu mbili na nusu. Katikati kuna mahakama ya kaunti ya mawe ya chokaa ya mwaka 1893, imezungukwa na viduka, dakika kumi umemaliza. Kinachokupeleka pale ni Mto Paluxy. Maili chache nje ya mji, ndani ya Dinosaur Valley State Park, sakafu ya mto ni mwamba na juu ya mwamba kuna nyayo zenye umri wa miaka milioni 113 hivi. Za aina mbili. Za vidole vitatu, kama kuku aliyepita jikoni ila ukubwa wa sinia, ni za mla nyama aitwaye Acrocanthosaurus. Zile za duara, kubwa kama beseni la kufulia, ni za mnyama wa shingo ndefu, wanamwita Sauroposeidon. Zama hizo pale palikuwa ufukweni mwa bahari. Mnyama kakanyaga tope la chokaa, tope likakauka, likafunikwa, likawa jiwe, kisha mto ukaja kulichimbua polepole.

Sasa sikia kitu ambacho watu hawakisemi: nyayo ziko CHINI YA MAJI. Mto ukijaa hamtaona kitu, mtaona maji ya kahawia tu. Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi mto ukiwa umekauka, na wewe wikiendi yako imeangukia palepale. Mwaka 2022 ukame ulikuwa mkali hadi zikatokea nyayo ambazo kwa kawaida zimezikwa kwenye matope. Tazama tovuti ya hifadhi asubuhi ya kuondoka, huwa wanaandika sehemu zipi zinaonekana. Halafu beba ufagio. Sifanyi mzaha. Unyayo hujaa udongo na majani, ukiufagia na kumwagia kindoo cha maji ndipo vidole vinajitokeza, na mtoto wa miaka 6 hiyo kazi ataipenda kuliko kuogelea.

Maji mengi yanaishia kwenye kifundo au goti la mtoto, isipokuwa sehemu inaitwa Blue Hole, hapo ni kina kweli, msimwache mdogo. Yeboyebo kwa kila mtu, jiwe linateleza. Kwa mama, kushuka mtoni ni ngazi na mawe, mshikeni watu wawili au akae juu kwenye kivuli na kiti chake. Ndani ya hifadhi hakuna vyumba, ni mahema tu, kwa hiyo laleni mjini. Mjini kuna pia Big Rocks Park, mawe makubwa katikati ya mto huohuo, bure, mama anafika karibu na gari.

Kiingilio cha hifadhi watoto wa miaka 12 kushuka hawalipi. Nafasi ya siku bukuni mapema, unaweza mwezi mmoja kabla. Na hifadhi za jimbo haziruhusu pombe hadharani, nasema kwa ajili ya wale mashemeji.

jirani_Arlington

Na hiyo mbuga ya kuzunguka na gari, Fossil Rim? Mimi nilikataa kwenda. Yaani nitoke Nakuru, nipande ndege mbili, halafu nilipe dola nione punda milia Texas? Nikiwaambia nyumbani watanicheka mwaka mzima 😂

mukivu_Abilene

Wandugu jambo. Jirani, miye pia nilisema hivyo. Halafu watoto wangu wakaniuliza, "Papa, wewe twiga ulimuona wapi?" Nikabaki kimya. Nimezaliwa Uvira, nikakulia kambini, twiga wa kwanza nilimuona katika gari yangu mwenyewe pale Glen Rose. Kichwa kiliingia dirishani, ulimi mrefu, mweusi kama wino, ukachukua chakula mkononi mwa binti yangu. Binti akalia, akacheka, akalia tena.

Chakula wanauza getini. Wanyama wengine unawatupia chini, twiga ndiye wa mkononi. Mnaenda polepole, saa mbili zinaisha hamjajua. Tena si maonyesho tu. Wanazalisha duma, na wana ndege mmoja wa Texas anayekaribia kuisha, Attwater's prairie-chicken, wanamlea ili warudishwe porini. Bei hubadilika kufuatana na siku, nunueni kwenye intaneti. Na mwende asubuhi, mchana wanyama wote wamelala chini ya miti.

Kwa mama mwenye goti hiyo ndiyo safari. Anakaa kitini, wanyama wanamfuata yeye.

jirani_Arlington

Sawa papa, nimenyamaza.

mzee_Houston

Mama Nasra, mama ni wa Lindi ipi?

mama_Nasra

Shikamoo mzee. Mingoyo.

mzee_Houston

Marahaba. Basi mnabishana bure nyote. Mpelekeni Glen Rose.

Mtu wa Mingoyo amekua akisikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Kilima chenyewe kiko ndani huko, kaskazini-magharibi ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa pale, na wachimbaji walikuwa wazee wetu, mamia kwa mamia, msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa kichwani na mabegani siku kadhaa za mguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo mjusi amesimama Berlin, kimo cha mita 13 na kidogo, na jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan, yaani twiga jitu. Mimi nilimwona mwaka ule nilipopita Ujerumani. Nilisimama chini yake nikiwa nimekasirika na kufurahi kwa wakati mmoja, na hadi leo sijui kipi kilizidi.

Wa Tendaguru ni mkongwe zaidi, miaka milioni 150 hivi, lakini huyu wa shingo ndefu wa Texas ni ukoo wake. Mama hataweza kwenda Berlin. Glen Rose ni saa moja.

mPaluxy

Mzee, umeniacha hoi. Nimeongeza hili tu: hata Paluxy kipande cha nyayo kilikatwa na kupelekwa New York mwaka 1940 na mtaalamu aitwaye Roland T. Bird, kipo huko makumbusho. Ila zilizobaki ni nyingi na unazikanyaga kwa mguu wako.

mama_Nasra

Nimebuku. Glen Rose usiku mbili, Jumamosi mbuga, Jumapili mto. Chakula nabeba mwenyewe, sambusa na pilau kwenye boksi la barafu, maana nyama halali mji mdogo sitegemei. Ufagio upo.

mama_Nasra (wiki moja baadaye)

Nimerudi na mrejesho.

Mto ulikuwa umekauka vizuri, sehemu ya katikati ilikuwa vidimbwi tu. Joto lilikuwa kali mno, saa tano asubuhi jiwe lilikuwa linaunguza, kwa hiyo anayekwenda afike geti likifunguliwa. Watu walijaa. Usiku wa kwanza kiyoyozi cha chumba kilikuwa kinanguruma kama trekta, mama akakizima na kufungua dirisha, tukalala na mbu wawili watatu. Kupe nilimtoa mmoja kwenye soksi ya baba watoto.

Twiga: mama alikataa kumlisha. Alimtazama tu, akamwambia, "Pole, umefika mbali."

Mtoni alisema atabaki juu. Tukamwekea kiti. Baada ya robo saa namwona anashuka ngazi kiupandeupande kama kaa, kamshika Nasra bega, khanga kajifunga kiunoni. Mdogo alikuwa ameshafagia unyayo mmoja wa duara na kuujaza maji. Mama akavua kiatu, akauingiza mguu wake ndani, akakaa hivyo muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza kama huyu ndiye ndugu wa yule. Nikamwambia ndiyo, mzee mmoja wa Houston kasema hivyo.

Akatandika khanga pembeni ya unyayo ili ukubwa uonekane, akaniamuru nipige picha nimtumie dada yake Mingoyo. Jibu limekuja usiku, sauti ya sekunde tano: "Kumbe mmoja aliwatoroka Wajerumani!"

mzee_Houston

Mama anarudi tarehe ngapi? Nataka kumtumia zawadi.