Mnara wa 2G, bando la bei ya 4G: hii GB tunaila saa ngapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nimevimba, kwa hiyo mnivumilie.

Huku kwetu kijijini mnara ni mmoja, uko ng'ambo ya bonde, na tangu usimikwe haujatoa zaidi ya 2G. Simu ikisoma E (ile 2G yenye kasi kidogo) tunashangilia. Siku nyingi inasoma G, ile ya polepole zaidi. Tumezoea. Ila bando tunauziwa bei ileile anayolipa mtu wa Kariakoo mwenye 4G, na linakufa baada ya saa 24 zilezile.

Chukueni kikokotoo. Kwenye G, mwendo wa kawaida ni kama kilobiti 40 kwa sekunde, yaani kilobaiti 5. Zidisha mara sekunde 86,400 za siku nzima: MB 432. Hapo hujalala, hujapokea simu, na mtandao haujayumba hata kidogo. Umeniuzia GB 1 ambayo mnara wako hauwezi kuitoa hata nikikesha, halafu kesho yake unanitumia meseji kwamba bando langu limeisha muda. Limeisha au mmelichukua?

Juzi viwavijeshi vimeingia kwenye mahindi. Bwana shamba yuko wilayani, akasema nipige picha ya jani niitume WhatsApp. Picha ya MB 3. Nikasimama juu ya kichuguu (ndiyo ofisi yetu ya mawasiliano), kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, mara mama akapiga. Kwenye 2G simu ikiingia data inasimama. Nikaanza upya. Nilipofanikiwa jua limezama, na viwavi wao hawakuwa wanasubiri mtandao.

Ukipiga huduma kwa wateja, binti wa watu anakwambia kwa upole: "Zima simu yako kisha uwashe." Nikimwambia tatizo ni mnara, ananielekeza kwenye mipangilio nichague 4G. Dada yangu, nichague ipi wakati haipo?

Na asije mtu hapa kusema basi 2G izimwe. Thubutu! Masafa yake ya megahezi 900 yanafika mbali, ndiyo maana bonde zima linaishi kwa mnara mmoja. Vitochi vya wazee wetu, kutuma na kutoa pesa kwa menyu ya nyota na reli, vyote vimeegemea hapo. Marekani mitandao ya simu ya analogi ilikuwa ya kizamani kuliko hii yetu, lakini mdhibiti aliyalazimisha makampuni kuibakiza hadi Februari 18, 2008, na miongoni mwa waliokuwa wakiitegemea ni watu wa mashambani kama sisi. Kwa hiyo ibaki, waongeze 4G juu ya mnara huohuo.

Linawezekana. Mei 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara mipya 758, na mingine 304 ya zamani iongezewe nguvu kutoka 2G. Wa kwetu bado unasoma G. Kama zamu yetu haijafika, sawa, tutasubiri. Lakini wakati tunasubiri, bando la mnara wa 2G lisiwe na tarehe ya kufa. Kompyuta yao inajua kabisa nimeunganishwa mnara gani na wa aina gani, maana ndiyo inayonikata hela.

Humu najua kuna watu wa makampuni ya simu. Njooni mpinge hiyo hesabu ya MB 432. Ila atakayeniambia nizime simu niwashe, tutagombana.