Magemu tunayotamani kucheza: la skrini au la mezani, lipi litangulie?

Mwana_wa_Pongwe

Wadau, salamu kwenu. Kaka yangu yuko Muscat kikazi na Desemba anarudi Tanga. Amesema nichague gemu moja tu, atalibeba na gharama ni juu yake. Nina daftari la shule ambalo tangu 2019 naandika humo kila gemu ninalolitamani. Yamekuwa mengi, na sasa inabidi nichague.

Kwenye skrini nimebakiza manne. La kwanza moyoni ni Clair Obscur: Expedition 33, la Wafaransa wa Montpellier, lililotoka Aprili 2025 na mwisho wa mwaka likachukua tuzo ya gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards. Mwanzo wake nimeutazama kwenye simu zaidi ya mara tatu. Kuna mnara mkubwa ng'ambo ya bahari wenye namba, na kila mwaka kiumbe mmoja anaifuta na kuchora iliyo ndogo zaidi. Siku hiyo 34 inafutwa, inachorwa 33, na wote wenye miaka 33 wanageuka petali za maua mbele ya wanaowapenda. Nina miaka 31. Gemu lile sijaligusa lakini linanikaa kichwani.

Mengine ni Baldur's Gate 3, Hollow Knight: Silksong na Tales of Kenzera: ZAU. Upande wa mezani kuna Wingspan, Ark Nova na Sky Team. Gloomhaven nimelikata mwenyewe, boksi lake lina karibu kilo 10 na kaka ana mizigo ya watu wengine.

Hali yangu ni hii: laptopu ya RAM GB 8, haina kadi ya grafiki. Bando nanunua la wiki. Nyumbani tuko watatu, mimi, mama na mdogo wangu wa kike wa miaka 14. Mama ni fundi wa wahedi wa sitini, karata zilizopita anazikumbuka zote mpaka ya mwisho. Kiingereza hasomi. Nisaidieni.

Kete64

Mkuu, kwa ulivyoandika, mchezaji bora wa nyumba hiyo ni mama yako. Gemu la skrini litamwacha akitazama mgongo wako. Mimi naanzia hapo.

Nimekulia barazani Unguja, bao nimefundishwa na babu. Kwa hiyo nalipima kila gemu la mezani kwa bao, na Wingspan ndilo lililonikamata. Nieleze kwa nini. Kwenye bao unaanza na kete 22 mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni, moja moja, na utamu wake ni pale kete zinapotembea shimo hadi shimo, moja inaibua nyingine, mpaka unafika kichwani, shimo la pembeni kabisa, na mkono bado una kazi. Wingspan lina utamu wa namna hiyo. Ndege unawapanga kwenye mistari mitatu: msitu, nyika na majini. Ukiuchagua mstari, unaanza na ndege wa kulia kabisa unarudi kushoto, kila mmoja anafanya lake: huyu anatoa punje, yule anataga yai, yule anakuvutia kadi. Mzunguko wa kwanza unapata kitu kimoja. Ukifika wa mwisho, zamu moja inakuletea vitu vinne au vitano kwa sababu ulipanga vizuri tangu asubuhi.

Ark Nova pia ni zuri sana, unajenga bustani ya wanyama, lakini lina kadi 255 na saa mbili zinapita hujasimama. Mama wa watu atakuwa ameshalala.

bahati_wa_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu, kuna jambo moja hujalitazama. Kaka yako anakuja na begi. Magemu yote manne ya skrini uliyoyataja yanauzwa kidijitali, hayahitaji begi. Silksong ni dola 20, ukijibana miezi miwili mitatu utalinunua mwenyewe ukiwa kitandani. Boksi la Wingspan utalipataje ukiwa Tanga? Ukiagiza nje, usafiri na ushuru vinaweza kuizidi bei ya gemu lenyewe. Kwa hiyo mwachie kaka kile ambacho ni yeye tu anaweza kukuletea.

Silksong naliongelea kwa sababu ninalo. Lilitangazwa Februari 2019, likatoka tarehe 4 Septemba 2025, na siku ile maduka ya mtandaoni yalizidiwa na wanunuzi, ukurasa ukawa haufunguki. Waliolitengeneza ni kikundi kidogo mno cha Adelaide, Australia. Ni GB chache, na kwangu linacheza bila kukwama kwenye laptopu kama yako. Ila jipange. Maadui wengi wanakupunguzia alama mbili za uhai kwa pigo moja, na kuna bosi nilimrudia wiki nzima baada ya kazi. Siku niliyomshinda nilinyanyuka kitini nikamwamsha mke wangu.

DadaNeema

Kete64, umelieleza Wingspan vizuri kuliko nilivyoelezwa mimi, lakini umeruka jambo la msingi. Zile kadi 170 zina maandishi, na maandishi hayo ni Kiingereza.

Nilicheza Arusha nyumbani kwa rafiki, mimi, yeye na shangazi yangu aliyekuja kutibiwa. Boksi lilipofunguliwa shangazi alichukua yai moja, yale mayai madogo ya rangi mbalimbali, akaliviringisha kiganjani kwa muda. Kisha akaona kadi ya mbayuwayu. Akasema huyu namfahamu, anakuja na mvua za vuli. Nikamsomea: upana wa mabawa kwa sentimita, aina ya kiota, chakula chake. Hapo tayari alikuwa ndani ya mchezo.

Lakini kila kadi ilibidi tumsomee, na kumsomea maana yake ni kuiona kadi yake. Hawezi kuficha mpango. Mzunguko wa tatu akaacha kuuliza, akawa anataga mayai tu, kwa sababu yai moja ni pointi moja na hilo halihitaji kusoma. Akamaliza wa pili! Hata hivyo niliona amefungiwa nje ya nusu ya gemu, na iliniuma. Mtu anayehesabu karata kichwani kama mama yako atalihisi hilo mapema zaidi.

Mimi ningechagua Sky Team. Ni la watu wawili tu, rubani na msaidizi wake, mnatua ndege. Lilichukua Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya gemu bora la mezani, mwaka 2024, na lilikuwa la kwanza la wawili peke yao kuchukua tuzo hiyo. Kila mmoja ana dadu nne, anazirusha nyuma ya kizuizi chake. Kabla ya kurusha mnaongea mnavyotaka. Zikisharushwa, kimya! Mnaweka dadu moja moja kwenye ubao, kwa zamu. Kila raundi lazima wote wawili muweke dadu ya mizani: mkitofautiana, ndege inaelemea upande mmoja, na ikizidi inaanguka. Lazima pia wote muweke ya injini, na jumla ya dadu hizo mbili ndiyo inayoamua mtasogea kiasi gani. Zinazobaki ni za magurudumu, breki, redio ya kuziondoa ndege zilizo mbele, na kahawa. Ukiweka dadu kwenye kahawa unapata kipande kinachokuruhusu kupandisha au kushusha dadu nyingine kwa moja.

Ubaoni ni alama na namba, maneno machache mno. Dakika 20 mmemaliza, mmetua au mmeanguka.

Kete64

Dada Neema, nakubali kuhusu maandishi. Hilo nililisahau kwa sababu mimi nasoma. Bao halina herufi hata moja, ndiyo maana babu yangu ambaye hakwenda shule alikuwa akiwafunga walimu.

Lakini Sky Team ni la wawili na wao ni watatu.

DadaNeema

Wanapokezana. Dakika 20 si nyingi. Wa tatu anatazama, na kutazama kwake kuna raha ya aina yake, kwa sababu wawili wanacheza kimya na mtazamaji anaona kosa linakuja na haruhusiwi kusema.

Msafiri_wa_Muttrah

Mimi niko Oman mwaka wa tisa. Kwenye orodha yako Kenzera hakuna aliyeligusa, nami naomba nafasi.

Aliyelibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyempa sauti Bayek, shujaa wa gemu la Assassin's Creed Origins. Alilitengeneza akiwa amebeba msiba wa baba yake, likatoka Aprili 2024. Kijana anaitwa Zau. Amefiwa na baba, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, anamwomba amrudishie. Kalunga anamtaka amletee roho kubwa tatu. Una barakoa mbili, ya jua unapigana kwa moto ukiwa karibu, ya mwezi unarusha barafu ukiwa mbali, na unazibadilisha katikati ya pigano.

Gemu hilo unaweza kulicheza kwa Kiswahili, sauti na maandishi. Nililicheza na mwanangu, amezaliwa huku, Kiswahili anakisikia kwangu na kwa mama yake tu. Alipomsikia kijana wa kwenye gemu anaongea akanigeukia, akaniuliza kama ni watu wa kwetu. Nikamwambia ndio.

Kuna sehemu Zau anafika chini ya mbuyu, anakaa. Hapigani na mtu. Anakaa tu na huzuni yake, kisha uhai wake unaongezeka. Baba yangu alifariki mimi niko huku, sikuwahi maziko. Mbuyu ule wa kwanza nilikaa nao muda mrefu kuliko gemu lilivyotaka.

Kasoro zipo. Ni fupi, kama saa nane, na mapigano yanajirudia kuanzia katikati. Lakini mama yako atafuata hadithi yote bila mkalimani. Kwenye daftari lako zima hakuna gemu jingine la skrini linaloweza hivyo.

Ummu_Salma

Naomba kuuliza pembeni. Kijana wangu anataka Balatro kwenye simu, nimeona karata za poka. Je, si kamari?

bahati_wa_Likoni

Dada, hakuna pesa inayowekwa wala inayoshindaniwa. Unalinunua mara moja, basi. Ni hesabu ya alama, unakusanya karata za jokeri, ziko 150, kila moja inabadilisha namna ya kuhesabu. Ulaya walilipa alama ya miaka 18 kwa sababu ya picha za poka, kisha mwaka 2025 rufaa ikaishusha hadi 12. Ila majina ya mikono ya poka kijana atayajua, kwa hiyo kaa naye kwanza ulitazame, uamue wewe mzazi.

Fundi_Redio

Mnamvunja moyo jamaa. Ameanza kwa kusema moyo wake uko Expedition 33, na hakuna hata mmoja aliyelijadili.

Nimelimaliza. Ni la zamu kama yale ya zamani ya Kijapani, lakini adui akipiga, wewe huketi tu. Unakwepa au unakinga kwa kubonyeza wakati sahihi kabisa, na ukikinga mapigo yote unamrudishia moja zito. Vidole vinajifunza mdundo wa kila adui. Muziki wake bado nausikiliza nikiwa kazini. Mwana wa Pongwe, laptopu yako haitaliweza, sitaki kukudanganya. Baldur's Gate 3 nalo linataka GB 150, hilo ni bando la miezi. Na usifikirie kibanda cha gemu. Nimewahi kujaribu: unalipia muda, nyuma yako wamepanga foleni vijana wa mpira, na kesho yake ukirudi mtu amefuta ulipofikia. Magemu ya hadithi yanataka mashine ya kwako.

Liache kwenye daftari, lakini usilikate. Mashine itapatikana. Mimi nilisubiri miaka minne kupata yangu.

Mwana_wa_Pongwe

Nimewasoma wote, jana usiku na leo tena asubuhi.

Nimeamua. Boksi ni Sky Team. Neno la bahati kuhusu begi ndilo lililonifungua macho, na habari ya shangazi wa Dada Neema ndiyo iliyoliondoa Wingspan. Jana nilimweleza mama: dadu nne kila mmoja, mkisharusha hamuongei. Akaniuliza swali moja, kama kuweka dadu kubwa upande wako ni namna ya kumwambia mwenzako kitu. Hajaliona boksi na tayari ameelewa gemu.

Silksong naanza kuliwekea pesa mwezi huu. Msafiri, Kenzera nimelihamishia ukurasa wa kwanza, chini ya Expedition 33. Pole sana kwa mzee.

Sasa nina kazi. Nataka kuwa na sheria zote kwa Kiswahili kabla kaka hajatua. Magurudumu, breki, mizani, injini, redio, haya ni rahisi. Yale mabamba ya nyuma ya bawa yanayoteremshwa ndege inapotaka kutua, tunayaitaje?

Kete64

Vibawa.

DadaNeema

Sisi tulikuwa tunasema "shusha mbawa ndogo". Vibawa ni fupi, linafaa zaidi mtu akiwa na haraka.

Fundi_Redio

Nimefanya kazi uwanja wa ndege miaka sita na wote tulikuwa tunasema "flapu". Lakini mwandikie mama vibawa.