Simba wa Rousseau: yupo kweli, au anaotwa?

Wa Kondele:
Kinyozi wangu ametundika juu ya kioo nakala ya mchoro wa Mfaransa Henri Rousseau, wa mwaka 1897. Mwanamke mweusi amelala jangwani kwenye mbalamwezi, fimbo mkononi, mandolini na mtungi ubavuni, na simba anamnusa begani. Kila Jumamosi ni ubishi: wengine simba ni kifo, wengine ni mlinzi. Mimi nasema hayupo, anaotwa.

Tazameni mchanga. Hauna unyayo hata mmoja, si wa simba, si wa mwanamke. Aliyekulia Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, anajua mchanga haufichi kitu. Hata yangeyange akipita utaona alipogeukia. Mtu aliyekaa kuchora nyuzi za mandolini na milia ya kanzu, mmoja baada ya mwingine, nyayo zimpite?

Mwalimu, Kakamega:
Ndugu, usimlishe mchoraji maneno. Alimwandikia meya wa Laval, mji aliozaliwa, akitaka waununue, akaeleza: mwanamke mzururaji, mpiga mandolini, amechoka na kulala fofofo, simba akapita, akanusa, asimle. Ndoto hakuitaja. (Meya naye hakununua.) Kuhusu nyayo, Rousseau alikuwa mtoza ushuru, uchoraji alijifundisha mwenyewe, na Ufaransa hakuwahi kutoka. Mchanga wa jangwa angeujulia wapi?

Wa Kondele:
Barua ya kutafuta mnunuzi, mwalimu! Mchoraji wetu akipeleka kazi kaunti si atasema ni ya kukuza utalii? Na kama hakutoka Ufaransa, basi hata jangwa lenyewe aliliota.

Dada wa Nakuru:
Mmemng'ang'ania simba bure. Mimi nimeshikwa na ule mkono. Usingizi umemzidi lakini vidole havijaachia fimbo. Huyo amezoea kulala nje, na anajua usiku una wenyewe. Ajabu ni kwamba picha haitishi. Bluu ya anga imetulia tuli, maji kule nyuma hayana wimbi, na simba ameinua mkia kama paka aliyesikia harufu ya omena. Hofu yote iko kwenye vidole vile. Kwingine kote ni amani, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Mwalimu, Kakamega:
Kwa mkono nakubali. Kwa ndoto, bado.

Wa Kondele:
Leo nimemuuliza kinyozi mwenyewe. Yeye hana haja na simba. Anachotaka kujua ni kama ule mtungi una maji.